Kabla Injini Haijashushwa: Kuusoma Mlio wa Subaru Inayogonga

Kwa wapenzi wa magari ya kasi nchini Kenya, Subaru Impreza ya turbo ina heshima iliyopatikana njiani, si kwenye matangazo. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akashinda mwaka 2000 kwa gari la aina hiyohiyo. Kabla yao Wakenya walikuwa wamemzoea Patrick Njiru, dereva wa nyumbani aliyekimbiza Subaru katika mashindano hayo miaka ya 1990. Watoto waliosimama kando ya njia kuyashangilia magari yale leo ni watu wazima wenye mishahara, na wengi wao wamenunua Impreza au wanapanga kuinunua.

Gari wanalolipata, hata hivyo, si jipya. Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu kuingiza Kenya gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo Impreza ya 2004 au 2006 inayouzwa leo Nairobi, Nakuru au Mombasa iliingia nchini zamani na imepita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Kila mmoja ameacha alama yake ndani ya injini: huyu alichelewesha oili, yule aliongeza presha ya turbo, mwingine alikata mfumo wa ekzosti ili gari lingurume zaidi. Tanzania hupokea magari yenye umri mkubwa zaidi kwa kuyatoza ushuru wa ziada, na Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Sheria zinatofautiana, lakini mnunuzi wa nchi yoyote kati ya hizi hukabidhiwa historia asiyoijua.

Kisha, siku chache baada ya pesa kubadilisha mikono, injini inaanza kugonga. Mwenye gari akilipeleka gereji hupata moja kati ya kauli tatu. Ya kwanza: injini imekufa, tafuta nyingine. Ya pili: hivyo ndivyo Subaru zinavyolia, usijali. Ya tatu: weka oili nzito, itatulia. Mara nyingi kauli hizi hutolewa boneti likiwa wazi kwa dakika mbili, kabla ya kifaa chochote kufungwa kwenye injini. Yoyote kati yake inaweza kuwa sahihi, lakini pia inaweza kumgharimu mtu akiba ya miaka kadhaa. Ninachokitetea hapa ni kwamba kugonga kwa injini hakuamuliwi kwa sikio la mtu yeyote, hata fundi bingwa. Sikio huonyesha pa kuanzia tu. Uamuzi utokane na vipimo, na vipimo hivyo vipo, havina gharama kubwa, na vingi hufanyika bila kufungua injini.

Injini isiyochunguliwa kutoka chini

Injini ninayoizungumzia ni ya familia ya EJ, iliyoanza na Subaru Legacy mwaka 1989 na kuendelea kwa takriban miaka 30. Impreza nyingi za turbo zilizotoka Japani zina EJ20 ya lita mbili. Nyingine, hasa za masoko ya nje ya Japani, zina EJ25 ya lita mbili na nusu. Silinda zake nne zimelala, mbili kila upande, na krenki iko katikati. Bloku lake limegawanyika nusu mbili zinazobanana kuizunguka krenki hiyo.

Umbo hili lina maana kubwa kwa mtu anayetafuta chanzo cha mlio. Katika injini ya Toyota yenye silinda nne zilizosimama kwenye mstari, fundi akishuku beringi za konrodi anaweza kumwaga oili, kufungua sampu, kulegeza kofia za konrodi na kuziona beringi kwa macho yake siku hiyohiyo. Kwenye EJ njia hiyo haipo. Kuifungua sampu kutakuonyesha uchafu uliojikusanya chini na bomba la kunyonyea oili, lakini beringi zenyewe hazifikiki mpaka injini ishushwe na bloku ligawanywe. Kazi hiyo ni ya siku kadhaa, inahitaji gasketi mpya, na ikifanywa kwa haraka huacha injini iliyokuwa nzima ikiwa na hitilafu mpya. Ndiyo maana uchunguzi wa nje una uzito wa pekee kwa Subaru. Kwenye injini nyingine kubahatisha hugharimu mchana mmoja. Hapa hugharimu injini nzima kushushwa.

Kugonga kwa mwako

Kuna aina mbili za kugonga. Zina vyanzo tofauti na tiba tofauti, lakini katika mazungumzo ya gereji hubebwa na neno moja.

Aina ya kwanza hutokea ndani ya moto wenyewe. Cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli, na moto husambaa kutoka hapo kwenda pembeni mwa silinda. Presha inapopanda, sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia hubanwa na kupata joto. Joto hilo likizidi uvumilivu wa petroli, sehemu hiyo hujilipukia yenyewe kwa mkupuo. Mawimbi ya presha huanza kupiga kuta za silinda huku na huku. Kwa silinda ya EJ20 yenye kipenyo cha milimita 92, mtetemo wake wa msingi ni takriban hezi 6,000 hadi 7,000. Dereva husikia mlio mwembamba na mkavu, kama kokoto ndogo zinazotikiswa ndani ya mkebe, na huusikia injini inapobebeshwa mzigo: akipandisha mlima katika gia ya juu, au turbo inaposukuma kwa nguvu zote. Akiachia mafuta, mlio hukoma papo hapo.

Uvumilivu huo wa petroli hupimwa kwa oktani. Katika kipimo hicho, kilichobuniwa miaka ya 1920, isooktani ilipewa 100 na heptani ya kawaida ikapewa sifuri. Japani petroli ya daraja la juu huuzwa ikiwa na oktani ya takriban 98 hadi 100, na Impreza za WRX na STI za soko hilo zilipangiwa petroli hiyo. Petroli ya super ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Gari likiwa katika mpangilio wake wa kiwandani, kompyuta hujirekebisha na kupoteza nguvu kidogo. Mmiliki wa zamani akiwa alimwita mtu kuipanga upya kompyuta ili gari liwe kali zaidi, nafasi hiyo ya kujirekebisha huenda iliishia hapo.

Mahali nako kuna mchango wake. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa yake ni pungufu kwa karibu asilimia 20 ikilinganishwa na ya Mombasa. Injini isiyo na turbo hupata hewa kidogo huku juu, na kwa sababu hiyo haigongi kirahisi. Likishuka pwani, gari hilohilo hukutana na hewa nzito na yenye joto. Dereva aliyelijaribu Nairobi peke yake anaweza kuusikia mlio kwa mara ya kwanza akirudi kutoka Mombasa na abiria wanne, akipandisha kuelekea Voi mchana wa jua kali. Kwa injini ya turbo hesabu ni ngumu zaidi. Ili kufikia presha iliyopangiwa, turbo ya Nairobi huzunguka kwa kasi zaidi na kuipasha hewa joto kabla haijaingia kwenye silinda. Intakula inayoipoza hewa hiyo ikiwa imeziba kwa vumbi au bomba likiwa na ufa, joto hilo halina pa kupungulia.

Vyanzo vingine vya kugonga kwa mwako ni pampu ya petroli iliyochoka, nozeli zilizoziba, kihisi cha hewa kilichochafuka, na mpira uliopasuka kati ya kihisi hicho na turbo, ambao huingiza hewa ambayo kompyuta haikuihesabu. Ongeza plagi zisizo za joto linalotakiwa, redieta iliyoziba, na mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa na pistoni au turbo iliyochakaa, kwa kuwa oili ikichanganyika na petroli huipunguzia uvumilivu wake. Hivi vyote hupimika, na vingi hurekebishwa bila kugusa bloku.

Hapa pana kosa la kusoma linalojirudia sana. Subaru ina kihisi cha mlio kilichofungwa kwenye bloku. Kikisikia mtetemo wa mwako mbaya, kompyuta huchelewesha cheche. Mashine ya kusomea ikionyesha kodi P0325 au P0327, wengi hutangaza kwamba injini inagonga. Kodi hizo husema kwamba kihisi chenyewe au waya wake una hitilafu. Ni habari muhimu, maana kompyuta iliyopoteza sikio hujihami kwa kupunguza nguvu, lakini hazithibitishi kuwa kuna kinachogonga. Anayetaka kujua kama mwako ni mbaya asome data wakati gari linatembea: kompyuta inarudisha cheche nyuma kwa digrii ngapi, kwenye mzunguko upi, na chini ya mzigo gani. Kompyuta nyingi za Subaru za turbo za miaka ya 2000 hutunza pia namba moja ya jumla inayoonyesha zinavyoiamini petroli iliyomo. Namba hiyo ikiwa imeshuka, kompyuta imekuwa ikisikia mwako mbaya kwa muda.

Kugonga kwa chuma

Aina ya pili haina uhusiano na moto. Chuma kinapiga chuma kwa sababu nafasi kati yao imeongezeka. Inayoogopwa zaidi ni beringi ya konrodi. Kati ya konrodi na krenki kuna nafasi isiyofika sehemu tano kwa mia ya milimita moja, nayo hujazwa na utando wa oili inayosukumwa na pampu. Utando ukiwepo, chuma hakigusani na chuma. Ukivunjika, hata kwa sekunde chache, uso laini wa beringi husagika, nafasi hupanuka, presha ya oili hushuka, na utando unazidi kuvunjika. Ni uharibifu unaojilisha wenyewe, ndiyo maana beringi iliyoanza kulia hairudi kuwa nzima.

Mlio wake ni mzito na wa chini, nao hufuata mzunguko wa injini. Hujitokeza zaidi injini ikishapata moto, kwa kuwa oili imekuwa nyepesi. Wengi huusikia vizuri wakishikilia mzunguko wa 2,000 hadi 3,000 kwa dakika kisha wakaachia mafuta taratibu, kwa sababu hapo konrodi hubadilisha mwelekeo wa nguvu na kuonyesha ulegevu wake.

Kwenye EJ za turbo, njia za kufikia hali hiyo zinajulikana. Ya kwanza ni kiwango cha oili. Injini hizi zinaweza kula oili bila kutoa moshi unaoonekana, na mwenye gari asiyevuta kijiti cha kupimia kila wiki hugundua amechelewa. Ya pili ni oili kuukuu iliyopitwa na muda wake, ambayo huzibisha njia nyembamba. Baadhi ya EJ zina wavu mdogo ndani ya boliti inayopeleka oili, na wavu huo ukiziba turbo hukosa oili, hufa, na vipande vyake huingia kwenye mzunguko. Ya tatu ni bomba la kunyonyea oili ndani ya sampu, ambalo likipata ufa huvuta hewa pamoja na oili.

Si kila kugonga kwa chuma ni hukumu ya kifo. Pistoni inaweza kupiga ukuta wa silinda asubuhi injini ikiwa baridi, kisha ikatulia inapotanuka kwa joto. Injini kadhaa za EJ25 zinajulikana kwa tabia hiyo, na nyingi zimeendelea kutumika kwa miaka. Pini ya pistoni iliyolegea hutoa mapigo mawili ya haraka, hasa injini ikinguruma bila kukanyagwa. Beringi kuu za krenki hulia kwa kina zaidi na husikika injini ikibebeshwa mzigo.

Linganisha tabia hizi na utaona jambo ambalo kila mnunuzi anapaswa kulijua. Pistoni inayopiga ukuta hujificha injini ikipata moto, na beringi ya konrodi hujificha injini ikiwa baridi. Muuzaji anayekupokea gari likiwa limeshawashwa na kupashwa moto anakunyima nusu ya habari. Anayeliwasha mbele yako kwa dakika tatu na kulizima anakunyima nusu nyingine.

Milio inayosingiziwa injini

Kabla ya kuituhumu krenki, kuna vitu vya nje vya kuondolewa kwenye orodha. Cha kwanza ni kikaza mkanda wa taimingi kilicho mbele ya injini. Kikichoka, mkanda hupigapiga asubuhi na mlio wake hufanana sana na wa chuma cha ndani. Usidharauliwe kwa kuwa ni wa nje: EJ nyingi za turbo ni injini ambazo valvu hukutana na pistoni mkanda ukiruka meno, na hapo kasoro ndogo hugeuka kuwa injini iliyoharibika.

Cha pili ni gasketi ya ekzosti inayovuja karibu na silinda. Hutoa mlio wa tiktik injini ikiwa baridi, kisha hufifia chuma kinapotanuka na kuziba nafasi. Masizi meusi kwenye kiungo huionyesha. Cha tatu ni bati la kukinga joto lililolegea, ambalo hulia kwenye mzunguko mmoja tu na kunyamaza ukilishika kwa kipande cha mbao. Cha nne ni puli ya krenki ambayo boliti yake imelegea. Huyumba, hugonga, na ikiachwa hula mahali pa kufungia kwenye krenki. Kisha kuna kompresa ya kiyoyozi, oltaneta na beringi za puli nyingine. Kuondoa mikanda ya nje na kuwasha injini kwa muda mfupi huvitenga vyote hivi mara moja.

Upo pia mngurumo wa Subaru wenyewe, ule wa kudunda unaotokana na mabomba ya ekzosti yasiyolingana urefu. Ni sauti ya kawaida. Asiyeizoea anaweza kuihofia bure, na aliyeizoea kupita kiasi anaweza kuikosa sauti nyingine iliyojificha ndani yake.

Aina moja huzaa nyingine

Aina hizi mbili zikikaa pamoja kwa muda, hulishana. Mwako unaojilipukia huipiga pistoni kwa presha ambayo haikupangiwa. Kwenye EJ25 za turbo, kingo nyembamba zinazoshikilia ringi za pistoni huvunjika kwa njia hii, na silinda ya nne ndiyo inayotajwa sana na wajenzi wa injini hizo. Kipigo hichohicho hushuka kupitia konrodi hadi kwenye beringi na kuukandamiza utando wa oili. Gari lililoachwa ligonge kwa mwako linaweza kufika gereji likigonga kwa chuma.

Kinyume chake pia hutokea. Beringi iliyolegea hutikisa bloku, kihisi cha mlio hudhani ni mwako mbaya, na kompyuta huchelewesha cheche. Gari hupoteza nguvu, na fundi hubadilisha plagi, koili na petroli bila mafanikio. Kwa hiyo kupata aina moja hakumalizi kazi. Ukikuta beringi imekufa, uliza kilichoiua. Ukikuta mwako mbaya, uliza umeacha nini nyuma yake. Injini nyingi zilizojengwa upya zimekufa tena kwa sababu swali hilo halikuulizwa.

Mpangilio wa uchunguzi

Hatua ya kwanza ni kuacha kuliendesha gari. Kama mlio ni mzito na unaongezeka injini ikipata moto, lizime na liletwe gereji kwa kuvutwa. Krenki ambayo leo ingeweza kusafishwa inaweza kesho kuwa imekwanguka kabisa, na konrodi ikikatika hutoboa bloku. Gharama ya gari la kuvuta ni ndogo kuliko tofauti hiyo.

Pili, oili. Vuta kijiti, angalia kiwango, rangi na harufu. Oili yenye harufu ya petroli imepoteza unene wake. Oili nzito isiyolingana na kitabu cha gari, au dalili za dawa za kuongeza unene, zikupe shaka kwamba mtu alikuwa anaficha mlio. Oili nzito huujaza ulegevu kwa siku chache na kuipunguza sauti, lakini beringi haiponi.

Tatu, sikiliza mlio injini ikiwa baridi na ikiwa moto, ukiandika lini unatokea, kwenye mzunguko gani na chini ya mzigo gani. Kifaa cha kusikilizia cha fundi, au hata bisibisi ndefu iliyowekwa kwenye bloku kwa uangalifu, husaidia kujua kama sauti inatoka mbele, kwenye hedi au chini kwenye bloku.

Nne ni kupima presha ya oili kwa geji ya mkono, na ningekuwa na nafasi ya kipimo kimoja tu ningekichagua hiki. Fungua swichi ya presha, funga geji, na upime injini ikiwa imepata moto kamili. Kitabu cha ufundi cha injini za EJ kinataka angalau kPa 98 kwenye mzunguko wa 600 kwa dakika na kPa 294 kwenye mzunguko wa 5,000, oili ikiwa na joto la nyuzi 80. Ikiwa mlio ni mzito, soma presha ya mzunguko wa chini kwanza na usikanyage hadi 5,000. Taa nyekundu ya dashibodi huwaka presha inapokaribia kPa 15. Inapowaka, injini imeshapita mbali na kiwango cha usalama. Kutowaka kwake hakumaanishi kwamba beringi zina oili ya kutosha, na anayejitetea kwa kusema taa haikuwaka hajathibitisha lolote.

Tano, nyamazisha silinda moja moja. Injini ikinguruma, chomoa waya wa nozeli ya silinda moja na usikilize, kisha urudishe na uende kwenye nyingine. Kuchomoa nozeli ni bora kuliko kuchomoa cheche, kwa sababu petroli isiyoungua huharibu kichujio cha gesi kwenye ekzosti. Silinda ya kwanza na ya tatu ziko kulia, ya pili na ya nne kushoto. Mlio ukipungua wazi kwa silinda moja, una uhusiano na konrodi, pini au pistoni ya silinda hiyo. Usipobadilika kwa silinda yoyote, rudi kwenye vitu vya nje na beringi kuu.

Sita, ikate filta ya oili. Ifungue kwa kikatio safi, nyoosha karatasi yake na uitazame juani. Vumbi la kijivu hafifu ni la kawaida kwa injini ya zamani. Vipande vinavyong'aa, vya rangi ya fedha au shaba, visivyovutwa na sumaku, ni vya uso wa beringi. Vinavyovutwa na sumaku vimetoka kwenye chuma kigumu zaidi, na hali ni mbaya zaidi.

Saba, plagi, mgandamizo na uvujaji. Plagi huonyesha chembe ndogo za alumini au kaure iliyopasuka pale mwako ulipokuwa mbaya. Unapopima mgandamizo, tazama zaidi tofauti kati ya silinda kuliko namba yenyewe. Nairobi namba zote zitakuwa chini ya zile za kitabu kwa sababu ya mwinuko, na gari zima limewahi kuhukumiwa kimakosa kwa sababu hiyo. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake, kipimo cha uvujaji na kamera nyembamba inayopitishwa kwenye tundu la plagi vitaonyesha kama ni valvu, ringi au pistoni. Kumbuka pia kikomo cha kipimo hiki: injini yenye beringi iliyokufa inaweza kuwa na mgandamizo mzuri kabisa.

Uamuzi

Vipimo vikikubaliana, uamuzi huwa mwepesi zaidi. Ikiwa presha ya oili ni nzuri, filta ni safi, na data inaonyesha mwako mbaya, hakuna sababu ya kushusha injini. Rudisha mpangilio wa kompyuta unaolingana na petroli ya hapa, punguza presha ya turbo, rekebisha petroli na ubaridi, kisha upime tena. Ikiwa presha ni ndogo, filta ina chuma na silinda moja inanyamaza ikikatwa, injini ishushwe, na hakuna dawa ya chupa itakayobadilisha hilo.

Hapo njia ni mbili. Moja ni kuijenga injini iliyopo. Nyingine ni kununua iliyotumika kutoka Japani kupitia maduka ya spea kama ya Grogan, Nairobi. Ya pili huonekana ya bei nafuu na ya haraka, lakini mnunuzi anarudi palepale alipoanza, akiwa na injini ya umri uleule na historia asiyoijua. Ipimwe kama ile ya kwanza kabla ya kufungwa. Ya kwanza ina faida endapo krenki itapimwa kwa maikromita, bloku litakuwa sawa, na fundi atakuwa amewahi kuigawanya na kuifunga EJ kwa vipimo vya kitabu. Kwa njia zote mbili, kipoza oili, bomba la kunyonyea, mabomba ya turbo na turbo yenyewe visafishwe au vibadilishwe. Vipande vya beringi hubaki ndani ya kipoza, na injini mpya ikivipokea hufa kwa ugonjwa wa ile ya zamani.

Kuna upande wa haki pia. Nchini Kenya, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo auze kitu chenye ubora unaostahili soko. Ulinzi huo hauhusu kasoro ambazo mnunuzi aliyekagua gari alipaswa kuziona, na anayenunua kwa mtu binafsi ana nafasi finyu zaidi. Kwa hiyo ukaguzi wa kabla ya kulipa uandikwe: presha ya oili kwa namba, mgandamizo wa kila silinda, kodi zilizosomwa, tarehe na usomaji wa odometa. Karatasi hiyo humsaidia mnunuzi kukataa gari bovu, humlinda muuzaji mwaminifu dhidi ya madai ya baadaye, na humpa fundi wa kesho mahali pa kuanzia.

Hatuna uhaba wa mafundi wenye kipaji. Wapo waliozishusha na kuzifunga injini hizi mpaka mikono yao inazijua. Kinachokosekana ni desturi ya kupima kabla ya kutamka, na desturi hiyo itaanza upande wa mwenye gari. Mteja anayeuliza presha ni ngapi injini ikiwa moto, na anayetaka kuiona filta ikikatwa mbele yake, humpa fundi wake sababu ya kununua geji. Geji ya presha ya oili ni kifaa cha bei ndogo, na kila gereji inayopokea Subaru za turbo inapaswa kuwa nayo mezani. Isiyo nayo haijawa tayari kukuambia kama injini yako ni nzima au imekufa, na una kila haki ya kulipeleka gari kwingine.